Inanyamaza Saa Nane

Mama Nkwimba hakusema imeharibika.
Alisema, "Inanyamaza."
Kwamba kile kijiti kinachopepesa kinasimama
katikati ya jina la mtu,
ukibonyeza huku kimya, ukibonyeza kule kimya,
na feni inaendelea kuvuma
kama mtu anayekuitikia bila kukusikiliza.

Tangu lini? Tangu masika.
Saa ngapi? Saa nane, saa tisa hivi.
Asubuhi je? Asubuhi haina neno.
Mpwa wake kasema ni virusi.
Nyamanoro nzima, kila kitu ni virusi.

Nikailaza sipiyu ubavu, nikafungua skrubu mbili
(ya tatu ilishapotea, pamefungwa waya).
Vumbi limelala ndani kama blanketi,
na ndani ya vumbi wale wadudu wa ziwani
wanaopanda mawingu mawingu mwezi ukiandama,
maelfu, wakavu, wepesi kama pumba,
walifuata taa ndogo ya kijani
wakakuta feni.
Nikawapuliza hadi barazani. Kuku wa jirani walishukuru.

Saa nane na robo, ikanyamaza.

Basi si joto.
Nikachomoa remu, vipande viwili,
nikasugua meno yake kwa raba ya mwanafunzi,
nikarudisha kimoja, kingine nikakitia mfukoni.
Ikanyamaza.
Nikabadilisha. Ikanyamaza.
Nikatega sikio kwenye hadi diski:
haigongi, haikwaruzi,
inazunguka kama bibi mwenye pumzi zake.

Hapo fundi mwenye haraka huuza mashine mpya.
Nami nilikuwa na kodi ya chumba kichwani, sisemi uongo.
"Mama, hii ni ya zamani."
Akaniangalia juu ya miwani.
"Humo mna watu mia mbili na kumi na saba.
Chama cha kuzikana. Nani katoa, nani kakopa,
nani kazikwa kwa mchango wa nani.
Wewe tafuta ugonjwa. Umri naujua."

Siku ya pili sikugusa kitu. Nilikaa tu.
Saa nane kasorobo, ng'ambo ya barabara,
Lutonja akarudi kutoka kula,
akavaa miwani yake myeusi
akawasha mashine ya kuchomelea mageti.
Balbu ya mama ikazama, rangi ya chai ya rangi,
ikapanda, ikazama tena,
na kijiti kikasimama
kwenye herufi ya pili ya marehemu fulani.

"Lutonja kahamia lini hapo?"
"Masika."

Nikachomoa waya, nikasubiri umeme uliojificha ufe,
nikafungua pawa saplai.
Kapasita tatu zimevimba vichwa,
moja imetoa ute wa kahawia.
"Kwa hiyo mkosaji ni Lutonja?"
"Hapana, mama. Yeye anachota kisimani kama wengine.
Hii ni mitungi yako ya akiba.
Maji yakikatika kidogo, mashine hunywa humo,
na mitungi imepasuka."

Nilitoa tatu kwenye king'amuzi kilichokufa,
nikazichomelea, moshi wa risasi machoni.
Saa nane balbu ikazama.
Kijiti kikapepesa. Kikapepesa.

Ikabaki betri ya saa, ndogo kama shilingi.
Bila hiyo, kila asubuhi mashine inaamka
Januari mosi, elfu mbili na tano,
nusu ya orodha bado wanakohoa, wanatembea, wanadaiwa.
Nilidhani ataniambia niache hivyo.
"Weka tarehe ya leo," akasema. "Deni lina tarehe."

Akavuta kiti, akaniuliza jina langu, la baba, na kijiji.
Nikadhani ni risiti.
"Nusu ya ujira wako nimekulipia kiingilio.
Mtu unakaa peke yako Mwanza hii, nani atakuzika?"
Akaandika kwa kidole kimoja, polepole:
218. Sagenda Bulugu.
Na kile kijiti, kizima kabisa,
kikawa kinapepesa mbele ya jina langu.